Foronya Tatu Juu ya Kiti Kimoja

Mtaa mzima ulimwita Mzee Foronya, na jina hilo hakusingiziwa. Alikuwa fundi wa makochi, mtu wa sponji, stepla na uzi mnene, na maishani mwake hapakuwa na kitu alichokipenda ambacho hakukivisha nguo. Rimoti ya televisheni ilikaa ndani ya nailoni tangu siku iliponunuliwa, na namba zake ulizibonyeza kwa kubahatisha. Mpini wa friji ulikuwa na kifuko chenye lesi. Redio ilikuwa na joho. Mwavuli ulikuwa na koti lake, na koti lenyewe lilikuwa na mfuko wa kulihifadhia lisichafuke. Jirani yake kinyozi, ambaye kibanda chake kilipakana ukuta na karakana ya Fundi, ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwake, aliwahi kumwambia mbele ya wateja kwamba watoto wake walipata bahati kuzaliwa hospitali, maana wangezaliwa nyumbani wangekua wakipumua kwa tundu. Fundi alicheka kuliko wote. Utani hakuukataa, mradi mtani mwenyewe asikalie sponji mpya na suruali yenye vumbi.

Sebuleni kwake kulikuwa na seti ya makochi ambayo mtu akiyaona alisahau hata kusalimia. Aliyatengeneza mwaka aliooa, mbao ngumu, migongo mirefu, mahameli ya zambarau iliyoshonwa kwa mkono pembe hadi pembe. Juu ya mahameli kulikuwa na shuka jeupe, na juu ya shuka, nailoni. Mgeni akibisha hodi, Fundi aliruka, akakunja nailoni, akakunja shuka, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo, kisha akasema, "Karibu, keti, jisikie uko kwako." Mgeni akiaga, akifika kona ya barabara tu, kochi lilikuwa limeshavishwa tena. Wenyeji wenyewe walikaa jikoni, kwenye viti vya plastiki. Mganga hajigangi, na mke wa fundi makochi alilea watoto, akawasomesha, akawaoza, bila kujua mahameli ile ina ulaini gani.

Mke huyo alikuwa mkunga. Kila mtu alimwita Mkunga, hata mumewe, isipokuwa mumewe alipotaka kuomba jambo, ndipo alipomwita Mama. Nusu ya vijana wa mtaa ule walitua duniani kwenye viganja vyake. Lakini kuinama juu ya vitanda vya wazazi miaka nenda miaka rudi si kazi ya bure, na mgongo wake ulikuwa umeanza kudai haki zake. Alitembea ameshika kiuno. Usiku aligeuka huku, akageuka kule, akaamka akaketi, akalala tena, na Fundi akiwa pembeni yake alijifanya amelala kwa sababu hakujua la kufanya. Jambo hilo lilimuuma sana. Mtu aliyeshika sponji tangu ujana wake, na hakuna sponji aliyoweza kumtandikia mkewe ikamtuliza.

Ndipo siku moja mteja akaleta karakanani gari lililochanika kiti, kishonwe upya. Fundi akaingia, akaketi ili apime, mkono wake ukagusa kitufe ubavuni mwa kiti. Kiti kikaanza kumkanda mgongo. Fundi akatoka mbio, akafungua mlango wa nyuma kumtafuta mtu aliyejificha humo. Hakumwona mtu. Akarudi, akaketi kwa tahadhari, akabonyeza tena. Kinyozi alipokuja kuazima mkasi alimkuta amefumba macho, mdomo wazi, miguu imenyooka kama ya mtoto aliyeshiba.

"Fundi, umekufa au unapima?"

"Nyamaza," alisema Fundi bila kufumbua macho. "Nataka mke wangu aketi hapa."

Ilimchukua muda, tena muda mrefu, na namna alivyolipata gari la aina ile ni habari ya kujinyima ambayo haina raha kuisimulia, kwa hiyo tuiruke. Likaja. Lilikuwa rangi ya fedha, limeshatumika kidogo huko nchi za mbali, lakini lilikuwa safi hadi ukilitazama ulijiona wewe ndiye unayehitaji kuoshwa. Viti vya ngozi rangi ya maziwa. Kiti kilikukanda, kikitakiwa kilikupasha joto, kikitakiwa kilikupuliza ubaridi mgongoni kupitia vitundu vidogo kwenye ngozi. Usukani ulijisogeza wenyewe dereva akifungua mlango, kwa adabu, kama mtu anayempisha mkwewe. Buti lilifunguka ukipitisha mguu chini yake.

Hilo la buti liliuvuruga mtaa. Kinyozi aliliona asubuhi ya kwanza, na kufikia saa nne watu wazima wenye familia zao walikuwa wamepanga foleni nyuma ya gari, kila mmoja akipiga teke hewani. Buti likifunguka, wanapiga makofi. Likijifunga, anasogea wa pili. Bibi mmoja aliyekuwa anapita na kapu lake alisimama akauliza huyu mgonjwa wa miguu anatibiwa na nani, kisha naye akaweka kapu chini akarusha wake.

Na gari lilikuwa linasema. Kila likiwashwa, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye dashibodi, laini, yenye heshima, kwa lugha ya huko lilikotoka ambayo mtaa mzima hakuna aliyeijua. Ilisema likiwashwa, ikasema likirudi nyuma, ikasema mkanda usipofungwa, na mara nyingine ilisema tu, katikati ya barabara, kwa jinsi walivyoona wao, kwa sababu ilikuwa na la kusema. Mkunga aliisikiliza siku ya kwanza hadi mwisho, akamgeukia mumewe.

"Huyu ni dada yako?"

"Dada yangu tangu lini?"

"Anaingilia kila jambo, na wewe unamwitikia kwa kichwa. Huyu ni wifi yangu." Na kuanzia hapo sauti ile ikaitwa Wifi, na Mkunga alipoingia garini alimsalimia kwanza yeye.

Sasa hapa ndipo Mzee Foronya alipoharibu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na yeye kwa furaha hakulala. Alizunguka gari lile na futi yake, akapima, akaandika chaki kwenye vitambaa, akakata. Kwanza alivisha viti vyote nailoni, ngozi isichubuke. Kisha akafikiri kwamba nailoni tupu ni aibu kwa fundi mwenye jina lake, kwa hiyo juu yake akashona mahameli ya zambarau, mishono miwili miwili, vifungo pembeni, kazi ambayo walioiona walikiri hawajapata kuona mfano wake. Kisha akaitazama mahameli ile ilivyo nzuri na akaingiwa na hofu itachafuka. Akaivisha nailoni nyingine.

Hakuishia hapo. Usukani ukapata soksi. Ufunguo ukapata kibeti. Dashibodi ikapata kitambaa cha lesi kilichofunika kioo, ikabidi ukinyanyue kama pazia la dirishani kila ulipotaka kujua una mafuta kiasi gani. Ile kamera ndogo ya nyuma, inayoonyesha unakorudi, aliishonea kikofia isiingie vumbi. Siku moja alisahau kuitoa, akatia rivasi saa sita mchana, kioo kikawa cheusi, akamwambia kinyozi aliyekuwa pembeni yake kwamba huko nyuma kumeshaingia usiku. Alipokanyaga breki kwa mshtuko, kinyozi aliteleza juu ya nailoni, akapita chini ya mkanda, akaishia miguuni mwa kiti magoti yakiwa masikioni. Alivutwa kwa mikono na wateja wake wawili, mmoja akiwa amenyolewa upande.

Haya yote yalichekesha, na Fundi mwenyewe alicheka hadi akafuta machozi. Lakini gari lilinunuliwa kwa ajili ya mgongo mmoja, na mgongo huo ulikuwa bado haujapata kitu. Siku ya kwanza alipompeleka Mkunga kazini alibonyeza kitufe cha kukanda kwa fahari, akangoja.

"Unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Unakandwa."

"Na nani?"

"Na kiti, Mama. Tulia kidogo utasikia."

Mkunga akatulia. Akafumba macho akawa anatafuta. "Kuna kitu kinatembea," alisema mwishowe, "lakini kiko mbali. Ni kama mtu anamkanda jirani."

Fundi akaongeza nguvu ya kitufe hadi mwisho, nailoni ikaanza kukwaruzana na mahameli kwa mlio wa kuudhi. Mkunga akawa anaporomoka taratibu kuelekea mbele, akajivuta nyuma, akaporomoka tena. Walipofika hospitali mgongo ulikuwa unauma kuliko ulivyotoka nyumbani. Hakusema kitu, maana aliona jinsi mumewe anavyomtazama usoni akingoja asifiwe.

Kilichomshinda ni ule ubaridi. Siku nyingine jua lilikuwa kali, na Fundi kwa kumwonea huruma akawasha kiti kipulize. Hewa ikatoka kwenye vile vitundu vya ngozi kama ilivyoagizwa, ikakuta nailoni, haikupata njia. Ikajaa. Mkunga alihisi anainuliwa. Mwanzoni alidhani ni barabara, kisha akaona kilemba chake kinagusa dari.

"Mzee, ninapanda."

"Unapanda wapi?"

"Sijui, muulize Wifi."

Wakafika getini kwa hospitali, na hapo walikuwa wamesimama wauguzi vijana wote wa zamu ya asubuhi, wale ambao Mkunga huwafundisha na wanaomwogopa, pamoja na daktari mkuu aliyekuwa akiwasemesha. Wote wakageuka kumwamkia. Mkunga akafungua mlango, akaweka mguu chini kwa heshima zake zote, akainua upande mmoja. Na ile hewa yote, iliyokuwa ikitafuta njia tangu nyumbani, ikaipata. Mlio ulikuwa mrefu. Ulianza juu, ukashuka, ukasita, watu wakadhani umekwisha, ukaendelea. Daktari mkuu alitazama angani. Wauguzi vijana walitazama viatu vyao, na mabega yao yalikuwa yanatikisika.

"Shikamoo, Mkunga," alisema mmoja, kwa sauti nyembamba ya mtu anayezuia kitu.

"Marahaba," alisema Mkunga, akapita katikati yao shingo imesimama.

Jioni hiyo alirudi kwa miguu. Aliweka mkoba mezani, akaketi kwenye kiti chake cha plastiki, akamwambia mumewe bila kupandisha sauti kwamba katika gari lile yeye hataingia tena. Fundi alicheka kidogo, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Kesho yake akatoka mapema akapanda basi, na kesho kutwa vilevile, ameshika kiuno kituoni, na lile gari la kifahari likiwa limeegeshwa nje ya nyumba yake na kitambaa kingine, kikubwa, kimelifunika lote.

Katikati ya vita hii baridi, binti yao akapiga simu. Alikuwa ameolewa mji mwingine, mwendo wa nusu siku, na alikuwa amejifungua. Mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza, mzima, mkorofi, ana sauti. Mkunga alilia, akacheka, akauliza uzito, akauliza kitovu, akauliza ananyonya vipi, akatoa amri zaidi ya ishirini kwa pumzi moja. Kisha akasema, "Jumamosi nakuja. Kwa basi."

"Na Baba?"

"Baba yako ana gari lake, anaweza kuja nalo. Wao ni wawili na Wifi."

Basi la kwenda mji ule Fundi alilijua. Viti vyake ni mbao iliyofunikwa kitambaa, na yeye ndiye aliyewahi kukishona kitambaa hicho. Alijua pia mgongo wa mkewe ukishushwa huko jioni utakuwa katika hali gani. Atafika kwa mjukuu wake wa kwanza na hataweza kuinama kumpokea. Wazo hilo lilimkosesha raha kabisa. Akaenda kwa kinyozi, akakaa kwenye kiti cha wateja ingawa hakuhitaji kunyolewa.

"Nishauri," alisema.

"Toa nailoni."

"Nishauri jambo jingine."

Kinyozi akaitikisa mashine yake, akaipuliza. "Akili ni nywele, Fundi, kila mtu ana zake, na zako mimi nazinyoa kila mwezi. Najua zimebaki ngapi. Toa nailoni."

"Ile ngozi ni nyeupe. Itachafuka."

"Itachafuliwa na nani? Na mkeo? Mwanamke anayeosha mikono hadi viwiko kabla ya kushika kitu?"

Fundi akainuka akarudi nyumbani. Usiifanyie mzaha hali yake, maana alikuwa anateseka kwelikweli. Tangu utotoni alijua kwamba kitu kizuri hukifikii mara mbili. Ukikipata, unakifunika, unakilinda, unakiwekea siku yake. Siku yenyewe ni ipi, hakuna aliyewahi kumuuliza. Ijumaa jioni, kwenye kiti cha mkewe, akatoa ile nailoni ya juu, hiyo tu, kwa mikono ya mtu anayemvua mtoto nguo kwenye baridi, akamwita mkewe nje aone.

"Mama, tazama. Nimetoa."

Mkunga akaja akasimama mlangoni mwa gari. Akabonyeza kiti kwa kidole. Chini ya mahameli, ile nailoni ya kwanza ikalia.

"Bado," alisema.

"Hiyo ya ndani haionekani."

"Inasikika. Wauguzi wangu wameisikia." Akageuka kurudi ndani, kisha akasimama. "Nikuulize, mume wangu. Gari hili umeninunulia mimi, au mimi umenichukua nikusaidie kulilinda?"

"Nimekununulia wewe. Unajua."

"Najua. Na yale makochi ulinitengenezea mimi. Najua pia. Nimeyapangusa miaka yote hii." Akaingia ndani akamaliza kufunga begi lake.

Fundi alilala vibaya. Asubuhi ya Jumamosi aliamka akakuta kitanda upande wa pili kitupu na begi halipo. Alikuwa anatafuta viatu akimbilie kituo cha basi aliposikia mlango wa mbele unagongwa.

"Hodi hodi."

Ilikuwa sauti ya mkewe. Fundi akafungua. Mkunga alikuwa amesimama kizingitini, begi mkononi, amevaa gauni lake la sherehe na kilemba kipya, amejipaka manukato, anatazama juu ya bega lake kama mtu asiyeijua nyumba ile.

"Hodi," alisema tena.

"Karibu," alisema Fundi, maana neno hilo lilimtoka lenyewe. Mtu akimbishia hodi hakuwa na jibu jingine. "Mama, una nini?"

"Samahani, mzee. Mimi ni mgeni. Nimetoka mbali, nimechoka, na nina mgongo unaoniuma. Nimeambiwa mtaani kwamba nyumba hii mgeni haketi juu ya nailoni."

Fundi akalitazama begi, akalitazama na gari nje. Kinyozi, aliyekuwa anafungua kibanda chake ng'ambo, aliacha kufuli likining'inia akasogea kusikiliza.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Mkunga. "Au siku hizi wageni mnawafukuza?"

Alisema kwa utani, na kona ya mdomo wake ilikuwa inacheza, lakini macho yake yalikuwa na maji. Fundi aliyaona. Akaona na mkono ulioshika kiuno. Na kwa mara ya kwanza alihesabu, si miaka, bali watu: wageni wote aliowafunulia kochi, mabalozi wa nyumba kumi, wakwe, wauza bima, hata yule mtu aliyekosea nyumba, na wote walikuwa wamekaa mahali ambapo mwanamke huyu hajawahi kukaa. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

"Karibu sana," alisema. "Subiri kidogo, mgeni. Nikuandalie kiti."

Akachukua mkasi wake mkubwa, akalifunua gari, akaingia. Sasa mahameli ile hakuishona ili itoke. Aliishona ikae hadi kiama, mshono juu ya mshono, imefungwa chini ya kiti kwa lastiki na mafundo. Kuifungua kwa subira kungemaliza asubuhi nzima. Aliiangalia kazi yake bora kuliko zote, akameza mate, akakata. Alikata katikati, kutoka kichwani hadi kwenye makalio ya kiti, na kila uzi uliokatika alimwomba radhi moyoni. Kisha nailoni. Ilitoka kwa mlio ule ule wa getini kwa hospitali, na Mkunga akaanza kucheka, kicheko cha kushika mbavu, akaegemea gari kwa mkono mmoja, kinyozi naye akakidaka, na Fundi akiwa amepiga magoti ndani ya gari na mabaki ya nailoni shingoni akacheka mpaka akaishiwa nguvu za kuinuka.

Ngozi ilikuwa nyeupe kuliko alivyoikumbuka. Akaipangusa kwa kiganja. Akasimama kando.

"Keti, mgeni wangu. Jisikie uko kwako."

Mkunga akaketi. Alishuka taratibu, kama anayeingia kwenye maji asiyoyajua, akaegemea. Fundi akabonyeza kitufe. Mkunga akafumba macho. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Ahaa."

"Unasikia?"

"Nyamaza," alisema Mkunga. "Endesha."

Cha Fundi mwenyewe hakikuguswa. Muda haukuwepo, na labda pia mkasi wa kukata mara mbili asubuhi moja hakuwa nao. Kwa hiyo wakaondoka hivyo, mke amezama kwenye ngozi, mume ameketi juu ya nailoni na mahameli yake, akiteleza kila kona na kushikilia usukani wenye soksi. Hakujali hata kidogo. Alikuwa na furaha ya kipumbavu, ya kuimba, ila hakuimba. Wifi akasema jambo refu kwa lugha yake walipotoka mjini, na Fundi akabonyeza kila mahali kwenye kile kioo, akamwomba kwa kunong'ona, dada, tafadhali, leo tu. Sijui aligusa wapi, lakini Wifi alinyamaza.

Maana Mkunga alikuwa amelala. Mwanzo Fundi alidhani amefumba macho tu. Kisha akaona kichwa kimelala upande, mdomo umefunguka kidogo, na ule mkono, ule mkono wa kiunoni, umeshuka, umelala wazi juu ya paja, vidole vimelegea. Alikuwa anakoroma. Fundi hakuwa amemsikia akikoroma tangu watoto wakiwa wadogo. Alipunguza mwendo. Aliyavuka mashimo kama amebeba mayai, malori yakampita yakimpigia honi, na yeye akawa anayafanyia ishara yanyamaze.

Mchana wakaingia mji wa binti yao. Nyumba ilikuwa kwenye mtaa unaozunguka uwanja wa mpira, na binti mwenyewe alikuwa tayari getini, amesimama kivulini, mtoto kifuani ndani ya kitambaa cheupe. Aliliona gari akainua mkono. Fundi akaweka mguu kwenye breki. Lakini alijua likizimwa tu litapiga kengele, kiti kitarudi nyuma chenyewe, mlango utafunguliwa, watu watapiga vigelegele, na usingizi ule utakwisha, na nani ajuaye utarudi lini. Akautoa mguu. Akampungia binti yake mkono, akapita.

Akauzunguka uwanja wote. Alipotokea tena getini, binti alikuwa amesogea hadi barabarani, uso umejaa maswali. Fundi akapunga, akapita. Simu ikaita, na gari lile halina siri, likaitoa sauti ya binti kwenye spika zote.

"Baba, mbona mnapita? Kuna nini?"

Fundi akapunguza sauti haraka, akainama karibu na usukani. "Mama yako amelala."

"Amelala? Mama?"

"Amelala, mwanangu. Anakoroma."

Binti aliposema tena alikuwa ananong'ona na yeye. "Basi zunguka, Baba. Msishuke."

Mara ya tatu walipopita, binti hakuinua mkono. Alikuwa amesimama kimya pembeni ya barabara, amemgeuza mtoto uso uelekee gari, akimwonyesha. Fundi alikuwa anamtazama mjukuu wake kupitia kioo, machozi yanamtoka na hana mkono wa kuyafutia, aliposikia sauti upande wake. Mkunga hakuwa amefumbua macho.

"Ana afya?"

"Ana afya, Mama. Ana kichwa kama changu."

"Maskini." Akajisogeza kidogo kitini, akapapata tena pale palipokuwa pazuri. "Ana maisha yote ya kuniona. Zunguka tena."

Fundi akawasha indiketa, akazunguka.